Anselme Payen, Mfaransa aliyeonyesha kilichomo ndani ya mabua

Msikilizaji, baada ya mavuno kila kijiji huwa na lundo lake la mabaki. Pengine ni mabua na magunzi ya mahindi, pengine pumba za mpunga, pengine makumbi ya nazi. Mgomba ukishazaa mkungu mmoja hukatwa. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kilo 100 za majani zikipita kwenye korona, nyuzi zinazopatikana ni karibu kilo 4 tu. Kinachobaki ni maji na makapi.

Siku hizi kuna habari kwamba mabaki ya namna hii yanaweza kutengenezwa selulosi ya nano, yaani nyuzi ndogo mno za mimea zinazotumika kuimarisha karatasi, rangi na vifungashio. Habari hizo ni za kweli, lakini mara nyingi hufika kijijini zikiwa zimeongezwa chumvi. Njia nzuri ya kuzielewa ni kumfahamu mtu aliyeitenga selulosi kwa mara ya kwanza na kuonyesha kwamba imo katika mimea ya kila aina. Mtu huyo ni Anselme Payen, mkemia wa Ufaransa, ambaye amefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Kijana wa kiwandani

Payen alizaliwa Paris mwezi Januari 1795, wakati nchi yake bado inayumba kutokana na mapinduzi yaliyomwondoa mfalme. Baba yake alikuwa mwanasheria, lakini aligeukia viwanda vya kemikali. Anselme alianza kufundishwa sayansi na baba yake akiwa na miaka 13. Baadaye alisoma kemia kwa mabingwa wawili, Vauquelin na Chevreul. Huyu Chevreul ndiye aliyeeleza mafuta yameundwa na nini na yanageukaje kuwa sabuni.

Akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini, Payen alikabidhiwa kusimamia kiwanda cha kusafisha boraksi. Boraksi ni madini meupe ambayo mafundi hutumia wanapounganisha metali kwa moto. Wakati huo boraksi ya Ulaya ilitoka Asia kwa meli, na biashara yake ilikuwa mikononi mwa Waholanzi. Wao ndio walioamua bei.

Payen alijiuliza boraksi yenyewe imeundwa na nini. Alipojua, aliitengeneza mwenyewe kwa kuchanganya asidi ya boriki na soda. Akaiuza kwa theluthi moja ya bei iliyokuwapo sokoni, na ukiritimba wa Waholanzi ukavunjika. Hapo tunaona tabia yake itakayomfuata maisha yote. Alianza kwa kupima kitu kimeundwa na nini, ndipo akafikiria bei.

Sukari na mifupa

Kutoka kwenye boraksi, Payen aliingia kwenye sukari. Ufaransa ilikuwa imezoea sukari ya miwa kutoka visiwa vya Karibi. Vita na Uingereza vilipoziba njia za meli, mtawala Napoleon aliagiza wakulima walime viazi sukari, zao linalofanana na mzizi mkubwa mweupe lenye utamu ndani yake. Napoleon alipoanguka mwaka 1815, sukari ya miwa ilirudi sokoni na viwanda vingi vya viazi sukari vikafungwa. Vilivyobaki vililazimika kutafuta njia ya kutoa sukari safi kwa gharama ndogo.

Tatizo lilikuwa rangi. Maji ya viazi sukari huwa meusi yakichemshwa. Watengenezaji walishajua kwamba mkaa wa mifupa ya wanyama hunyonya rangi hiyo, lakini hawakujua kwa nini mkaa mmoja unafanya kazi vizuri na mwingine haufanyi. Mwaka 1822 Payen alieleza jinsi mkaa huo unavyofanya kazi, na akabuni kifaa cha kupimia uwezo wake wa kuondoa rangi. Mwenye kiwanda aliweza sasa kujua ubora wa mkaa kabla ya kuulipia. Na mkaa uliochoka haukutupwa. Ulienda mashambani kama mbolea.

Mwaka 1830 Payen aliandika kitabu kuhusu namna ya kutumia kila sehemu ya mnyama aliyekufa kijijini. Ng'ombe au farasi akifa, watu wengi walimzika au kumtupa. Payen alipitia sehemu moja baada ya nyingine, ngozi, nywele, damu, mifupa, kwato, mafuta na utumbo, akaeleza kila moja inafaa kwa kazi gani. Profesa wa mjini angeweza kuona aibu kuandika kitabu cha namna hiyo. Yeye aliona ni kazi ya kemia.

Siri iliyomo kwenye kimea

Kama umewahi kutengeneza togwa, ugunduzi unaofuata wa Payen unaujua kwa ulimi, hata kama hukuwahi kusikia jina lake. Unapika uji mzito, unauacha upoe kiasi, kisha unatia unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Baada ya muda uji unakuwa mwepesi na unaanza kuwa mtamu, ingawa hukutia sukari.

Mwaka 1833 Payen na mwenzake Jean-François Persoz walichukua kimea cha shayiri, wakakiloweka, wakachuja maji yake, kisha wakatia pombe kali kwenye maji hayo. Ukatulia chini unga mweupe. Kiasi kidogo tu cha unga huo kilitosha kugeuza wanga mwingi kuwa sukari. Waliuita diastasi. Leo tunasema hicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kutengwa na binadamu. Mpaka sasa majina mengi ya vimeng'enya kimataifa yana mwisho unaofuata jina walilolitoa Payen na Persoz.

Ugunduzi huu uliwanufaisha watengenezaji wa bia, wa pombe kali na wa sukari ya wanga. Kwa Payen ulifungua pia swali jingine. Kama wanga wa nafaka unaweza kuvunjwa ukawa sukari, je, mti wenyewe, bua lenyewe na ganda lenyewe vimeundwa na nini?

Mwaka wa selulosi

Kabla ya Payen, wakemia wengi walichukulia kwamba mbao ni kitu kimoja. Walipima mbao nzima, wakapata majibu yanayokaribiana, wakaridhika. Payen hakuridhika. Alichukua mbao za miti mbalimbali akazichemsha kwa asidi ya naitriki, kisha akaziosha kwa kemikali kali ya upande wa pili, jamii ya kostiki soda wanayoitumia watengenezaji wa sabuni. Sehemu moja ya mbao iliyeyuka na kuondoka na maji. Sehemu nyingine ilibaki ikiwa nyuzi nyeupe.

Alirudia kazi hiyo kwa pamba, kwa ncha za mizizi na kwa sehemu changa za mimea ambazo hazijakomaa kuwa mbao. Kila mara, baada ya kuosha uchafu wote, alibaki na kitu kilekile. Alipokipima alikuta kaboni karibu sehemu 44 katika kila 100, vipimo vilevile vya wanga. Hata hivyo hakikuwa wanga, kwa kuwa hakikuyeyuka kama wanga na kilikuwa kigumu zaidi.

Alipeleka matokeo yake kwenye Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mwaka 1838. Mwaka uliofuata jina selulosi likaanza kutumika. Linatokana na seli, vijumba vidogo vinavyounda kila mmea, kwa sababu selulosi ndiyo ukuta wa vijumba hivyo.

Ili kuelewa alichokiona, fikiria nyumba ya fito na udongo. Fito zinasimamisha nyumba, udongo unaziba na kushikamanisha. Selulosi ni fito. Udongo ni ile sehemu iliyoyeyuka, ambayo leo inaitwa lignini, pamoja na gundi nyingine za mmea. Payen ndiye aliyeonyesha kwamba unaweza kuondoa udongo na fito zikabaki nzima. Katika pamba udongo ni kidogo sana, karibu sehemu 90 katika 100 ni selulosi. Katika mbao nyingi selulosi ni karibu nusu.

Mbolea yapimwa kwa mizani

Baada ya hapo Payen angeweza kukaa kwenye maabara akila matunda ya jina lake. Lakini mwaka 1841, yeye na mkemia mwingine, Boussingault, walichapisha kazi kubwa kuhusu mbolea. Walipima naitrojeni katika vitu vingi ambavyo wakulima walivitia shambani: samadi, damu iliyokaushwa, mabua, majani, mashudu, mabaki ya viwandani. Walichukua samadi ya kawaida ya zizini kuwa kipimo, kisha wakaonyesha kila kitu kingine kina thamani mara ngapi ukilinganisha nayo.

Kazi hiyo ilimpa mkulima kinga dhidi ya wauzaji wa mbolea za kudanganya. Pia ilionyesha jambo ambalo ni rahisi kulisahau, kwamba bua lililolala shambani tayari lina kazi na tayari lina thamani, hata kabla mnunuzi hajafika.

Muda wote huo Payen alikuwa mwalimu. Tangu mwaka 1835 alikuwa profesa katika École Centrale, chuo cha wahandisi wa viwanda mjini Paris. Tangu 1839 alifundisha pia kemia ya viwandani katika Conservatoire des Arts et Métiers, ambako masomo yalitolewa bure na milango ilikuwa wazi kwa mafundi na wafanyakazi. Mwaka 1842 aliingizwa katika Chuo cha Sayansi. Ugonjwa wa ukungu uliposhambulia viazi barani Ulaya mwaka 1845, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliouchunguza, na baadaye aliandika kuhusu chakula cha binadamu na jinsi ya kukihifadhi.

Mwisho wake ulikuja katika siku ngumu. Kuanzia Septemba 1870 hadi Januari 1871 jeshi la Prussia liliuzingira mji wa Paris, na wakazi walikula farasi, paka na hata panya. Baada ya mzingiro vikafuata vita vya wenyewe kwa wenyewe ndani ya mji. Payen alifariki Paris mwezi Mei 1871, akiwa na miaka 76, wakati mapigano yakiendelea.

Kutoka selulosi hadi nano

Payen hakuwahi kusikia neno nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa kichwa chako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Uzi mmoja wa pamba unaouona kwa macho ni fungu lenye nyuzi nyingine ndani yake, na hizo zina nyuzi ndogo zaidi, mpaka ufike kwenye nyuzi zenye unene wa nanomita chache tu. Huko ndiko nguvu ya mmea ilikojificha.

Karibu miaka ya 1950, mtafiti wa Uswidi aitwaye Rånby alionyesha kwamba asidi ya salfuriki inaweza kukata sehemu dhaifu za nyuzi hizo na kuacha vijiti vidogo vigumu. Baadaye watafiti wa kampuni moja ya Marekani walipata njia nyingine. Walisukuma uji wa mbao kwa nguvu kubwa ndani ya mashine ya kusawazisha maziwa, ile inayovunjavunja mafuta ya maziwa ili yasielee juu. Nyuzi zilichanika zikawa ndogo mno, na uji ukawa mzito kama jeli ingawa sehemu kubwa ilikuwa maji. Walichapisha kazi yao mwaka 1983.

Tangu hapo watafiti wa nchi mbalimbali wamejaribu kutumia mabaki ya mashamba badala ya mbao: maganda ya ndizi na machungwa, majani ya nanasi, pumba za mpunga, magunzi, makapi ya miwa. Ukiangalia hatua zao utamkuta Payen. Kwanza mabaki yanaoshwa na kusagwa. Kisha yanachemshwa kwenye kostiki soda ili gundi iondoke. Kisha yanafanywa meupe. Mpaka hapo ni kazi ya mwaka 1838 iliyoboreshwa. Ndipo inakuja hatua mpya, ya asidi kali au ya mashine, inayofikisha nyuzi kwenye kipimo cha nano.

Huko Scotland, kampuni ya CelluComp inatengeneza bidhaa ya namna hii kutokana na mabaki ya karoti na viazi sukari, na bidhaa hiyo hutiwa kwenye rangi ili iwe nzito na imara. Viazi sukari ni zao lilelile ambalo Payen alihangaika nalo miaka 200 iliyopita. Wakati wake masalia yake yalikuwa chakula cha ng'ombe.

Haya yanatuhusu nini

Msikilizaji wa Kagera mwenye migomba, au wa Tanga jirani na mkonge, anaweza kuuliza: basi nianze kuweka akiba ya mabaki nisubiri wanunuzi? Maisha ya Payen yanatusaidia kujibu bila kudanganyana.

La kwanza, hii si kazi ya jikoni. Kostiki soda na asidi ya salfuriki huunguza ngozi na macho, na maji machafu yanayobaki yakimwagwa mtoni huua samaki na kudhuru mifugo. Mtu akikuuzia mafunzo ya kutengeneza selulosi ya nano nyumbani kwa sufuria, mkwepe.

La pili ni maji. Shina la mgomba ni maji kwa zaidi ya sehemu 90 katika 100. Ukipakia kilo 100 za mashina kwenye gari, umepakia chini ya kilo 10 za kitu kikavu, na selulosi ni sehemu tu ya hizo. Ndiyo maana kiwanda chenye busara hujengwa karibu na mahali ambapo mabaki yamekwisha kukusanyika, kama kwenye korona ya mkonge au kiwanda cha juisi. Tanga kuna mfano wa kufikiria hivyo: pale Hale, makapi ya mkonge yaliwahi kutumika kutengeneza gesi na umeme palepale yalipo.

La tatu ndilo linalowahusu wakulima wengi zaidi. Mabaki yako si taka isiyo na mwenyewe. Majani na mashina ya migomba yaliyotandazwa shambani yanahifadhi unyevu na kurudisha rutuba. Mabua yanalisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Ukiyauza yote, mwakani utanunua mbolea na majani ya mifugo kwa fedha ileile, pengine na kuongeza. Kwa hiyo bei ya mabaki haiwezi kuanzia sifuri. Inaanzia kwenye gharama ya kile utakachonunua kuziba pengo.

Mnunuzi akija, muulizeni kwenye kikundi chenu maswali ambayo Payen angeuliza. Anataka sehemu gani hasa ya mmea? Anataka kavu au mbichi, na nani atabeba gharama ya kukausha na kusafirisha? Anapima kwa mizani au kwa kukadiria lundo kwa macho? Baada ya kutoa anachokitaka, masalia yanarudi kwa nani? Makubaliano yaandikwe, na bwana shamba ahusishwe kabla ya kutia saini.

Na kama hakuna mnunuzi, bado moto si jibu. Lundo likiungua, naitrojeni ambayo Payen na Boussingault waliipima kwa mizani inapanda hewani pamoja na moshi, na unachobaki nacho ni majivu. Likiozeshwa kuwa mboji au likitandazwa shambani, sehemu kubwa ya mali hiyo inabaki kwako.

Mpaka leo chama cha wanakemia wa Marekani hutoa tuzo yenye jina la Anselme Payen kwa wataalamu wa selulosi, tuzo iliyoanzishwa mwaka 1962. Wanaoipata hufanya kazi kwa mashine ambazo yeye hakuziota. Lakini swali lao la kwanza mbele ya ganda au bua bado ni lile aliloliuliza yeye kwenye boraksi, kwenye mfupa na kwenye kimea: humu ndani kuna nini, na ni kiasi gani? Mkulima naye ana haki ya kulijua jibu kabla hajakubali bei.